Leseni i mfukoni, ndege i wapi?

ASIYEPATA kuketi Mama Ngina wakati wa jioni, Mombasa hajaijua vyema. Chini ya mibuyu ile ya kale watu hukaa makundi makundi, wakila mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, wakishushia kwa madafu, huku macho yao yakizifuata meli zinazoingia Kilindini. Mahali hapo palikarabatiwa, na mwaka 2019 Sikukuu ya Mashujaa ikaadhimishwa papo hapo; lakini bahari ni ile ile, na mazungumzo ni yale yale: nani ameondoka, nani amerudi, na nani angali anatafuta.

Hapo ndipo aliponikuta kijana mmoja niliyemfundisha hesabu miaka kadhaa iliyopita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Za masiku?"

Alikaa, akatoa mkobani daftari jembamba lenye jalada gumu. Lilikuwa daftari lake la saa za kuruka. Alinifunulia ukurasa wa mwisho, na jumla iliyoandikwa chini ilikuwa saa 212. Leseni ya urubani wa biashara alikuwa nayo, cheti cha daktari alikuwa nacho, na kazi hakuwa nayo. Tangu alipohitimu ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Masomo yake yalikuwa yamelipiwa kwa nusu ya shamba la minazi la babake, lililo ng'ambo ya Likoni. Nusu ya pili ilikuwa imesalia, na mnunuzi alikwisha kutaja bei. Kijana alitaka nauli na matumizi ya miezi mitatu aende Maun, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Botswana, ambako, alivyosikia, marubani wenye saa chache kama zake huajiriwa kurusha ndege ndogo porini.

"Baba amesema atakusikiliza wewe, mwalimu," akaniambia. "Nisemee."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba juma moja. Makala haya, mpenzi msomaji, ni matokeo ya juma hilo. Nimeyaandika kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa sababu najua kwamba katika kila darasa la sayansi hapa nchini hamkosi mmoja ambaye, akiulizwa atakuwa nani, hujibu bila kusita: rubani.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Rubani lilikuwa neno la bahari kabla halijawa la anga. Tulipokuwa tumeketi pale, mashua ya marubani wa bandari ilipita ikielekea nje ya mlango, kwenda kuipokea meli iliyokuwa ikingoja. Nahodha wa meli hiyo huenda amezunguka dunia nzima, lakini hapa hujinyenyekeza na kumsikiliza mtu ajuaye mkondo wetu, miamba yetu na kina cha maji yetu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alihitaji mtu wa namna hiyo wa kumvusha hadi Bara Hindi, na huko Malindi akampata. Thamani ya rubani yule haikuwa katika karatasi aliyoishika. Ilikuwa katika safari alizokwisha kwenda.

Urubani wa ndege ndogo porini unafanana na huo wa bahari kuliko unavyofanana na ule wa madege makubwa tunayoyaona yakishuka Changamwe. Rubani wa dege kubwa hutoka njia ndefu ya lami akaenda kutua kwenye njia nyingine ndefu ya lami, akiwa ameongozwa kwa redio na taa tangu mwanzo hadi mwisho. Rubani wa porini hutua juu ya changarawe au nyasi. Hupita kwanza juu ya kiwanja kutazama kama pana pundamilia au ng'ombe, husoma upepo kwa kutazama mfuko wa kitambaa uliotundikwa mtini au moshi wa jiko la mtu, kisha hushuka. Akishatua huwa yeye ndiye mpokeaji wa wageni, mpakizi wa mizigo, mtia mafuta na mwenye kuamua kama safari inayofuata iendelee au isiendelee. Kwa siku moja aweza kuruka na kutua mara tano, sita au zaidi, safari nyingine zikiwa za dakika kumi tu.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1929 mama mmoja mlowezi, Florence Kerr Wilson, aliunda kampuni ya ndege mjini Nairobi, Wilson Airways, na rubani wake wa kwanza alikuwa Tom Campbell Black. Vita vya pili vya dunia vilipozuka mwaka 1939 ndege za kampuni hiyo zilichukuliwa kwa kazi za kijeshi, nayo ikakoma. Lakini jina lilibaki, na tangu mwaka 1962 kiwanja chake ndicho kinachoitwa Wilson. Campbell Black ndiye aliyemfundisha urubani Beryl Markham, ambaye mnamo mwaka 1933 alipata leseni ya biashara, akaishi kwa kubeba barua na abiria na kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Mwaka 1936 Bi Markham aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Kanada.

Pwani yetu pia ina kumbukumbu zake. Denys Finch Hatton, aliyekuwa na nyumba Takaungu, alianguka na ndege yake ndogo pale Voi mnamo Mei 1931, muda mfupi tu baada ya kuruka, akafa pamoja na mtumishi wake Mwafrika aliyekuwa naye. Miaka mingi baadaye Daktari Anne Spoerry, aliyejifunza urubani akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 40, aliruka kwa muda wa miongo mitatu na zaidi akiwatibu watu wa visiwa vya Lamu na wa nyika za kaskazini, hata wakamwita Mama Daktari. Alifariki mwaka 1999. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood pamoja na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Thomas Rees, kwa fikira kwamba kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari amfikie mgonjwa kwa ndege. Na kuanzia mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanza kupeleka chakula Sudan ya Kusini, kijiji cha Lokichoggio huko Turkana kiligeuka kuwa kituo kikubwa cha ndege. Marubani wengi walizipata saa zao pale. Baada ya amani ya mwaka 2005 misaada ilihamia upande wa pili wa mpaka, na pale Lokichoggio pakapoa.

Nimeyataja hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi hii huhama. Huifuata njaa, huifuata vita, huufuata utalii, huyafuata machimbo. Anayeitaka sharti awe tayari kuhama nayo. Ya pili ni kwamba, tangu mwanzo wake, kiti cha rubani kilikuwa karibu sana na mali. Finch Hatton alikuwa mwana wa kabaila wa Uingereza. Mwenye kununua ndege yake mwenyewe hakuwa na haja ya kumwomba mtu saa za kuruka.

Na hapa ndipo penye fundo la mambo yote: saa.

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani wa binafsi hudai saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara, ile inayomruhusu mtu kulipwa, hudai saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ya kuwa nahodha wa ndege za mashirika makubwa, hudai saa 1,500. Mzazi anapolipa mamilioni ya shilingi hudhani kwamba amemnunulia mwanawe kazi. La hasha. Amemnunulia saa 200 za mwanzo. Saa 1,300 zilizosalia hakuna mzazi wa kawaida awezaye kuzinunua. Ni lazima mtu mwingine amlipe kijana huyo azipate.

Naye huyo mtu mwingine, yaani mwenye ndege, anasitasita. Si kwa ubaya wa moyo. Kampuni ya bima humwambia kwamba rubani asiye na saa kadhaa hataikatia bima ndege yake. Wageni wanaolala katika kambi za mbugani huuliza. Kwa hiyo tangazo la kazi hudai saa 500 au zaidi, na kijana mwenye 212 hubaki akijiuliza swali ambalo kila mhitimu wa nchi hii analijua: nitapataje uzoefu ikiwa hakuna anayenipa kazi, na nitapataje kazi ikiwa sina uzoefu?

Msomaji aweza kusema kwamba tajiri na bima wake wanazidisha hofu. Hapana; wana haki. Niruhusu nirudi kidogo ubaoni, maana hesabu hii hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifuata.

Ndege huinuliwa na hewa. Hewa ikiwa nzito, bawa hupata cha kushika. Ikiwa nyepesi, bawa hupungukiwa, na injini nayo hupungukiwa na pumzi. Hewa hupungua uzito kwa mambo mawili: kupanda juu na kupata joto. Wataalamu wa anga wamekubaliana kwamba joto la kawaida katika usawa wa bahari ni nyuzi 15 za sentigredi, na kwamba hupungua nyuzi 2 hivi kwa kila futi 1,000 za kupanda. Kisha wanatupa kanuni ya haraka: kwa kila uzi mmoja wa joto unaozidi kiwango hicho, ongeza futi 120 hivi kwenye urefu wa kiwanja, ujue ndege yako inajiona iko wapi.

Haya, tuanze nyumbani. Adhuhuri ya Mombasa, joto ni nyuzi 32. Ziada ni 17. Mara 120 ni 2,040. Ndege iliyosimama karibu na usawa wa bahari inajihisi imesimama juu ya kilima cha futi 2,000. Sasa twende kwenye kiwanja cha mbugani kilichoko futi 5,000 juu ya bahari. Joto la kawaida hapo lingekuwa nyuzi 5. Mchana wa jua kali ni nyuzi 30. Ziada ni 25; mara 120 ni 3,000. Ndege sasa inajiona iko futi 8,000. Itahitaji mbio ndefu zaidi ili iruke, na itapanda polepole zaidi, na miti iliyo mwisho wa kiwanja haikusogea hata hatua moja kuipisha. Ndiyo maana abiria wa ndege hizi huambiwa waje na mikoba laini ya kilo 15 au 20, na ndiyo maana mizigo hupimwa mbele yao, hata wengine wakanuna.

Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu hiyo ataipata sawasawa darasani. Lakini kule porini, saa nane mchana, abiria wanne wakimtazama na wa tano akiwa amekuja na sanduku ambalo halikutajwa, hesabu ile hugeuka kuwa neno moja gumu kulisema: hapana. Saa za kuruka ndizo zinazomfundisha rubani mahali pa kulisema neno hilo. Tajiri anapouliza "una saa ngapi?" kwa hakika anauliza, "umekwisha kukataa mara ngapi?"

Basi tuitazame Maun aliyoisikia kijana wangu. Hakudanganywa, mji huo upo, na kazi hiyo ipo. Maun ni mlango wa bonde la Okavango, ambako mto unaotoka milima ya Angola humwaga maji yake mchangani bila kufika baharini. Mwaka 2014 bonde hilo lilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kambi zake nyingi zimezungukwa na maji au ziko mbali na barabara yoyote, kwa hiyo mgeni, mboga, fundi na godoro, vyote huingia kwa ndege. Ndege zenyewe ni ndogo: Cessna 206 na 210 zenye injini moja ya pistoni, Airvan ya Kiaustralia, na Caravan yenye injini ya turbini iwezayo kubeba watu kumi na zaidi. Marubani wa mwanzo hukaa mwaka mmoja au miwili, wakishapata saa wanaondoka kwenda mashirika makubwa, na nafasi zao zinabaki wazi. Huu ndio ukweli ulioufanya mji huo usifike katika masikio ya vijana wa Afrika Kusini, Ulaya na Australia tu, bali hata ya kijana wa Likoni.

Lakini kazi ya Maun haitafutwi kwa barua. Hutafutwa kwa miguu. Kijana hufika, hupanga chumba pamoja na wenzake au hupiga hema, kisha kila asubuhi huzunguka katika ofisi za makampuni karibu na kiwanja, akijitambulisha kwa mkuu wa marubani, akiacha karatasi yake, akirudi juma lijalo, na lijalo, na lijalo. Wengine husaidia kuosha ndege au kupakia mizigo ili nyuso zao zizoeleke. Mkuu wa marubani anataka kumwona mtu huyo mara nyingi: ana subira? Ana adabu? Analewa? Msimu wa wageni ukikaribia, na rubani mmoja akaaga ghafla, huchukuliwa yule aliye karibu. Mwenye saa 250 aliyeketi mlangoni humshinda mwenye 400 aliyeko ng'ambo ya bahari.

Basi ni nani awezaye kuketi mlangoni miezi mitatu, minne, sita, bila mshahara? Ni yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu wa kumtumia fedha kila mwezi. Usaili wa kwanza wa kazi hii, ambao haukuandikwa popote, ni usaili wa mfuko. Maskini hashindwi kurusha ndege; hushindwa kungoja.

Tena kuna mambo mawili ambayo wasimulizi hawayataji. Leseni ya Kenya haimruhusu mtu kurusha ndege ya Botswana. Ni lazima mamlaka ya huko iithibitishe au aibadilishe, kwa mitihani na kwa ada. Na mgeni huhitaji kibali cha kazi, ambacho serikali yoyote yenye vijana wake wasio na ajira hukitoa kwa mkono mzito. Wabotswana nao wanataka watoto wao waongoze ndege zinazoruka juu ya nchi yao. Nani atawalaumu? Hapa kwetu, na Tanzania pia, tunasema vivyo hivyo.

Ndipo nikajiuliza: kwa nini kijana wa Mombasa aitafute Okavango kabla hajaimaliza Wilson? Ndege za kwenda Maasai Mara, Samburu, Amboseli na Lamu huondoka hapo Nairobi kila siku. Karibu zaidi na kwao kuna kiwanja cha Ukunda, ambapo Caravan huchukua watalii wa Diani kuwapeleka mbugani. Kusini kuna Unguja, Mafia, Arusha na Dar es Salaam, ingawa huko naye ni mgeni wa kuombewa kibali. Kazi hapa si nyingi, wala simdanganyi mtu. Waliohitimu ni wengi kuliko viti. Ila kuna njia ambazo hazihitaji shamba liuzwe: ndege zinazorushwa na marubani wawili huhitaji rubani msaidizi, shule za urubani huhitaji wakufunzi, na mkufunzi huandika saa daftarini kila mwanafunzi wake anaporuka, na kila kampuni ina dawati la safari, ambapo mtu hupima mizigo, hupanga abiria na hupiga hesabu ya mafuta. Aliyeketi dawatini hapo yuko mlangoni, tena kwa mshahara, hata uwe mdogo.

Kuna jambo jingine lililonikosesha usingizi katika juma lile. Tarehe 28 Oktoba mwaka 2025, asubuhi, ndege aina ya Caravan iliruka kutoka Ukunda ikielekea Kichwa Tembo, Maasai Mara. Haikufika. Ilianguka Tsimba Golini, katika Kaunti ya Kwale, na watu wote 11 waliokuwamo wakafariki. Siandiki hapa kuhukumu chanzo chake. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nakumbusha tu kwamba kazi tunayoizungumza si ya picha za kupendeza juu ya mito. Ni kazi ya kubeba roho za watu, na silaha kuu ya anayeifanya ni uhuru wa kukataa.

Sasa mfikirie rubani ambaye shamba lote la babake limekwisha kuuzwa. Ndugu zake wanne wanangoja mshahara wa kwanza. Amekaa mlangoni miezi sita katika mji wa ugenini, akapewa kazi hatimaye, na juma la pili anaambiwa na mkubwa wake, "Wingu lile si kitu, nenda." Mtu huyo atasema hapana kwa ulimi gani? Hofu yangu kwa mwanafunzi wangu haikuwa kwamba angekosa kazi Maun. Ilikuwa kwamba angeipata akiwa amefungwa mikono.

Wazee wetu wa jahazi walilijua jambo hili. Mtoto aliyetaka kuwa nahodha hakutozwa ada. Alipanda chomboni kufua maji na kuwapikia mabaharia, akila chakula cha chombo, akajifunza kamba, tanga na nyota, akawa baharia mwenye fungu lake katika pato la safari, akawa serahangi, na siku moja, kama alikuwa na akili na moyo, akakabidhiwa usukani. Ngazi ilikuwa ndefu na yenye jasho, lakini haikukosa vidato katikati. Ngazi ya urubani wa leo ina kidato cha kwanza, kinacholipiwa na mzazi, na kidato cha juu, kinacholipwa na shirika. Hivyo vya katikati vimeachiwa bahati.

Havikosi kutengenezwa. Shirika la Ethiopia lina chuo chake Addis Ababa, ambacho huwaandaa marubani kwa ajili ya ndege zake lenyewe. Sisi nasi tuna uchumi wa utalii unaoruka kwa ndege ndogo kila siku. Haingekuwa vigumu makampuni yaziafikie serikali na kampuni za bima juu ya nafasi chache kila mwaka za marubani wasaidizi wenye saa 200, kwa mkataba wa miaka maalumu na mshahara wa kujikimu, wakichaguliwa kwa mtihani na si kwa jina la ukoo. Shule za urubani nazo ziwaeleze wazazi, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, wangapi kati ya wahitimu wao wanaruka leo. Mzazi anayeuza ardhi anastahili takwimu hiyo.

Nasi walimu tuna fungu letu. Tumezoea kumwambia mtoto "jitahidi katika hesabu na fizikia, utakuwa rubani," kisha tukanyamaza. Tumwambie na yaliyobaki. Apimwe na daktari wa anga kabla ya kulipa ada, asije akagundua kasoro ya macho baada ya kuuza ng'ombe. Familia ihesabu gharama ya kungoja pamoja na gharama ya kusoma. Kama fedha zinatosha masomo tu, hazitoshi. Na asome pia kazi ya pili ya anga, ya ufundi au ya uongozaji wa safari, ili akiwa anangoja asingoje barabarani.

Juma lilipotimia tulikutana tena Mama Ngina, safari hii watatu. Mzee alikuja amevaa kanzu na kofia, akaketi kimya akimsikiliza mwanawe, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, nisikie neno lako."

"Mzee, shamba lisiuzwe," nikasema. "Kijana aende Nairobi, abishe hodi Wilson, aende Ukunda, akubali hata dawati la mizigo. Aziandikie kampuni za Maun mapema, aulize habari za kibali na leseni, na majibu yaje kwa maandishi. Kama baadaye ataenda, aende kwa akiba yake mwenyewe, akiwa na nauli ya kurudi, na tarehe ya kurudi aliyoiweka kabla ya kuondoka."

Kijana aliinamisha kichwa. Najua nilimvunja moyo, na huenda kuna mwenye saa nyingi kuliko mimi, ambaye sina hata moja, atakayesema nilimkosea. Mzee alitazama bahari kitambo.

"Basi libaki," akasema. "Akirudi, apate pa kurudi."

Hajaruka bado. Miezi minane sasa anafanya kazi katika kiwanja kimoja cha ndege ndogo, akipima mikoba ya wageni kwa kilo na kuwaomba radhi wanaonuna. Mwezi uliopita aliniletea salamu: rubani mmoja mkongwe alimkuta akihakiki uzito wa ndege kwa mara ya pili, akauliza jina lake, na kesho yake akalikumbuka. Kwa kijana wa saa 212, hilo si haba.